Mwacheni Mzee Avuke Kwanza, Ndipo Mumwamkie

Wajukuu zangu, nina neno moja la kuwakataza, na nitalitanguliza kabla sijaanza kuzunguka kama ilivyo kawaida yetu wazee. Mkimwona mtu aliyepatwa na kiharusi anatembea, msimwamkie. Ngojeni asimame. Ngojeni afike barazani, ashike ukuta, avute pumzi, awageuzie uso. Hapo ndipo mtoe shikamoo yenu, naye atawaitikia marahaba kwa moyo mkunjufu. Kumwamkia yuko juu ya mtaro, mguu mmoja ubaoni na mwingine bado uko hewani, si adabu. Ni kumsukuma.

Najua neno hili linawakera. Mmefundishwa, na ni sisi tuliowafundisha, kwamba kijana anayempita mzee kimya hana malezi. Na salamu zetu za pwani hazimaliziki kwa neno moja. Umeamkaje, watoto hawajambo, mama yako anaendeleaje na miguu, na yule aliye Maskati ameleta habari gani? Mwenye afya yake huyajibu yote hayo huku anaruka dimbwi na kumkwepa mwenye Vespa. Aliyepatwa na kiharusi hawezi. Jibu na hatua vinagombea nafasi ileile kichwani mwake, na kwa kuwa yeye amelelewa zamani, jibu ndilo linaloshinda. Hatua huachwa ijiendee yenyewe, na haijui pa kwenda.

Mimi fiziotherapia niliisomea Moshi nikiwa msichana, nikaifanya Unguja mpaka nikastaafu, na hata sasa watu hunigongea mlango wakiniletea baba zao. Wanachoniuliza siku zote ni mguu. “Bibi, mguu utarudi?” Ni nadra mno mtu kuniuliza habari ya umakini wa baba yake, kama anakumbuka alichotumwa, kama anaweza kupanga mambo mawili yakafuatana. Hayo wanayahesabu ni mambo mengine, ya daktari mwingine, au ni uzee tu. Na kumbe mara nyingi mguu ninaoletewa umekwisha kupona kadiri ya kutosha kumbeba mwenyewe. Anayeuongoza ndiye bado mgonjwa.

Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, huko Sweden, Lillemor Lundin-Olsson na wenzake, walichapisha katika jarida la Lancet kitu chepesi kiasi kwamba ungedhani ni maneno ya barazani. Walitembea na wazee 58 wanaoishi katika makazi ya kutunziwa, na njiani wakawa wanawasemesha. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Hapakuwa na mashine wala dawa, ni mazungumzo ya kawaida tu. Wazee wale hawakuwa wagonjwa wa kiharusi peke yao, lakini aliyewahi kumtembeza mtu wa kiharusi hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mzee anayesimama ili azungumze anakuonyesha kwamba kutembea kwake kumekuwa kazi inayotaka kichwa kizima. Basi akisimama, nanyi simameni. Hili la “twende babu, tutaongea tukiwa tunakwenda” ndilo ninalolikataza hasa.

Kiharusi ni ajali ya mishipa ya damu ya ubongo. Ama donge la damu limeziba mshipa, ama mshipa umepasuka. Ubongo una kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake, na hauna akiba. Jeffrey Saver, daktari wa Marekani, alikadiria mwaka 2006 kwamba mshipa mkubwa ukiziba, chembe za fahamu zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Ndiyo maana mkiona uso umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno yanateleza, msikae mkisubiri kupambazuke. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka kichwa kimepigwa picha ya CT kuhakikisha kwamba si mshipa uliopasuka. Mkianza na kumchua mafuta ya nyonyo na kumwita wa kumsomea, muda huo umekwisha. Kisomo hakina saa ya mwisho. Dawa hiyo inayo.

Sasa, chembe zilizokufa si za mguu peke yake. Ninyi mnauona mkono ulioning’inia na mdomo uliopinda kwa sababu vinaonekana. Hamuoni njia zilizokatika kati ya sehemu ya ubongo inayosogeza nyonga na sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopanga, inayochagua, inayosema “kwanza hili, lile baadaye.” Mwenye afya akitembea, kazi kubwa hufanywa chinichini bila yeye kuisimamia. Baada ya kiharusi mambo ni kama ya nahodha aliyepoteza mabaharia wake. Zamani alikaa shetri akitazama nyota na kupiga soga. Leo yeye ndiye wa usukani, yeye wa kamba za tanga, yeye wa kufua maji. Chombo bado kinakwenda. Mwulize bei ya nazi ya jana na utaona kinavyoyumba. Vipimo vya damu ya ubongo wakati mtu anatembea vimeonyesha jambo hilihili: kwa waliopatwa na kiharusi, sehemu ya mbele hushughulika zaidi katika mwendo uleule ambao mwenye afya huufanya bila kufikiri.

Mtazameni mmoja wao akiswali adhuhuri, mtaelewa kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Rakaa nne. Kila rakaa ina kusimama, kisomo, kurukuu, kuinuka, sijida mbili na kikao kati yake. Kunyanyuka kutoka sijida hadi kusimama wima ni mojawapo ya miendo migumu kwa nyonga iliyolegea, na wakati uleule anatakiwa akumbuke amefikia ya ngapi. Nimemwona mtu akinyanyuka vizuri, goti limekwisha kunyooka nusu, mara uso ukaingiwa na mashaka: hii ni ya tatu au ya nne? Akasita. Alipokuwa akihesabu ndipo goti lilipokunjika. Jamaa zake walisema mguu umemsaliti. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikimtazama naona hesabu ndiyo iliyomwangusha.

Dini ina wepesi katika hilo. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, hilo mnalijua. Lakini kuna wepesi mwingine ambao sijasikia watu wakiutaja: akiswali nyuma ya imamu, hesabu inabebwa na imamu. Yeye hubakiwa na mwili wake tu. Wagonjwa wangu kadhaa waliokuwa wakiyumba nyumbani walikuwa wakiswali imara msikitini, na watu wakasema ni baraka za jamaa. Sina ugomvi na baraka. Nasema tu kwamba mwekeni kijana mmoja aswalishe pale nyumbani, mzee awe nyuma yake karibu na ukuta, na kiti kiwe upande wake.

Nije kwenye majina mnayowapa, kwa sababu hapa ndipo vijana mnapokosea zaidi. Mkaidi. Mvivu. Amekuwa kama mtoto. Na kwa wale wanaopenda mambo makubwa: ana jini, amerushiwa. Watafiti waliozungumza na watu wa Dar es Salaam na wa Hai, Kilimanjaro, walikuta kwamba mjini ndiko kiharusi kilikohusishwa zaidi na mashetani na uchawi, kuliko kijijini. Na sisi watu wa mjini tunajiona tumeelimika.

Aliye “mkaidi” nitawaeleza alivyo. Mwambie asinyanyuke bila kushikwa. Anakubali, anatikisa kichwa. Ukitoka kuchota maji tu unasikia kishindo. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia mguu wake mzima, hauna kitu. Hasemi uongo, wala hakudharau. Kiharusi kikiugonga upande wa kulia wa ubongo, ambao ndio unaotawala upande wa kushoto wa mwili, huweza kumwondolea mtu hata habari ya ugonjwa wake mwenyewe. Mguu wa kushoto haumwitiki na hana taarifa kwamba haumwitiki. Kumgombeza mtu wa namna hiyo ni kupoteza mate. Kinachomlinda ni mpango wa nyumba: kitanda kishushwe, kiti kiwe kizito kisichosogea, choo kiwe karibu, na awepo wa kumwangalia zile saa anazozoea kutaka kunyanyuka, ambazo mkizichunguza mtaona ni zilezile kila siku.

Ugonjwa huohuo wa upande wa kulia una sura nyingine ya ajabu zaidi. Mtu anakula nusu ya sinia, ule upande wa kulia, kisha analalamika kwamba amepunjwa. Ananyoa shavu moja. Anapita mlangoni na bega la kushoto linagonga mwimo, kila siku mwimo uleule, na macho yake ukiyapima hayana kasoro. Mnasema haoni. Anaona, ila ule upande umefutika katika mambo anayoyajali.

Waitaliano wawili, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, waliandika mwaka 1978 habari za wagonjwa wao wawili wa Milano. Waliwaambia wafikirie wamesimama katika uwanja mkubwa wa mji wao, wakiliangalia kanisa kuu, wataje wanachokiona. Wakataja majengo ya kulia tu. Wakaambiwa wajifikirie upande wa pili, wamelipa kanisa mgongo. Wakayataja yaliyokuwa kushoto mwanzo, kwa kuwa sasa yako kulia, na yale waliyoyataja kwanza yakatoweka. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa na mgonjwa nahodha, mtu aliyeingia na kutoka bandari ya Unguja maisha yake yote. Nikamwambia, Nahodha, fumba macho, unaingia kutoka baharini, omo unaielekeza Beit el Ajaib, nipe unachokiona. Akanipa Ngome Kongwe na miti ya Forodhani, akaishia hapo, ameridhika. Jumba la Mfalme, lililo kushoto kwa anayetoka baharini, halikuwepo. Nikamwambia sasa umekaa barazani kwa Beit el Ajaib, bahari iko mbele yako. Akalitaja Jumba la Mfalme na bandari yote, chombo kwa chombo, na Ngome Kongwe ikawa haijapata kujengwa. Mkewe alikuwa amekaa pale anashona kofia. Aliacha kushona.

Fikirini basi. Kama mji mzima unaweza kumpotea mtu nusu kichwani mwake, hiyo ngazi ya nyumba yenu yenye kona ya kushoto atashuka vipi? Misuli ya Nahodha ilikuwa na nguvu ya kutosha kupanda dari. Niliwakataza wanawe wasimpandishe, nao walinuna, wakaona nambania. Tulichofanya ni kushona utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa mswala wake, na mwingine tukaubandika kwenye mwimo wa mlango, na kumfundisha kwamba hajamaliza kutazama mpaka auone wekundu. Kazi hiyo ni ya macho na fikra, ya kukaa kitini, na watu wa nyumbani huiona si mazoezi kwa sababu hakuna jasho. Mtu akirejeshewa upande wake wa kushoto kichwani, mlango huacha kumgonga.

Msije lakini mkageuza maneno yangu mkamdhania kila mwenye mguu mzito kwamba kichwa nacho kimekwenda. Louis Pasteur alipatwa na kiharusi mwaka 1868, ana miaka 45, upande wake wa kushoto ukapooza na hakupata kuwa sawa tena. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilimwokoa mtoto wa kwanza mwaka 1885, miaka 17 baadaye. Na yupo mwingine ambaye kiharusi kimegonga upande wa kushoto wa ubongo, maneno hayamtoki, na ninyi mnaanza kusema mbele yake habari za shamba lake kama vile hayupo. Yupo, na anawasikia. Kila mtu apimwe alivyo. Daktari au mtaalamu wa tiba akimwambia mzee achore uso wa saa na mishale yake, msicheke mkaona ni mchezo wa watoto wa chekechea. Saa iliyojaa namba upande mmoja inasema mengi kuhusu atakavyovuka barabara ya Darajani.

Nyumbani kwetu tatizo jingine ni kelele. Mzee anafundishwa kutembea ukumbini, televisheni imewashwa, watoto wanakimbizana, simu ya mtu inaimba, na kila anayepita ana amri yake: nyanyua mguu, angalia mbele, usiiname, polepole, haya haya. Amri tano kwa hatua moja. Zimeni televisheni. Mmoja tu ndiye aseme, tena aseme neno moja, kisha anyamaze mpaka hatua iishe. Ondoeni busati linalojikunja. Ndara zisizoshika kisigino wekeni mbali, mtafutieni kiatu kinachofunga. Taa iwake usiku njia ya kwenda chooni. Fimbo aishike mkono wa upande mzima, si wa upande mgonjwa. Nusu ya wanaokuja kwangu wameishika kinyume, na aliyewakabidhi fimbo ni mtoto mwenye digrii. Na jamani, mkono uliolegea usivutwe. Mnamnyanyua mtu kwa kumvuta kwapa, bega linachomoka mahali pake, na maumivu ya bega hilo yatamkatisha tamaa na mazoezi kwa miezi. Mshikeni kiunoni, mkanda au kanga iliyofungwa vizuri, kisha mhesabu naye pamoja.

Haraka nayo mwiogope. Kulikuwa na fikra kwamba mgonjwa akianza kusimamishwa mapema sana na mara nyingi atapona upesi. Jaribio kubwa lililoitwa AVERT, lenye wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi 5, lilitoa matokeo yake mwaka 2015: waliosukumwa sana ndani ya saa 24 za mwanzo hawakufanya vizuri kama wale walioanza kwa kiasi. Kwa hiyo akitoka tu mtu kulazwa, msimshindanishe na mgonjwa wa jirani aliyekwisha kufika sokoni. Lakini pia msimfunike shuka mwezi mzima mkidhani mnamhurumia. Mzee asiyeruhusiwa hata kuchambua mchele hupoteza mguu na akili kwa pamoja, na hapo huruma yenu imemla. Mpeni kazi yenye hatua: amenye vitunguu, apange vikombe, ahesabu fedha za maziwa. Mwacheni achelewe. Kuchelewa kwake ndiko kufanya kazi kwa ubongo.

Mwendo ukishatulia katika ukimya, ndipo mazungumzo yarudishwe, kwa kipimo. Siku hizi ndivyo tunavyofanya: mtu anatembea ukumbini kutoka kiti hadi kiti kwa utulivu kwanza. Tunao mtihani unaotumika dunia nzima, tangu mwaka 1991, wa kunyanyuka kitini, kwenda mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa, huku saa inahesabu. Akiuweza bila kuyumba, aurudie tena huku anataja majina ya samaki: changu, kolekole, jodari, tasi. Mkiona hatua zimekuwa fupi au samaki wamekwisha baada ya wawili, mmeona mpaka wake uliko, hapohapo mrudi nyuma kidogo. Kwa aliyekuwa mvuvi samaki huja wenyewe, mpeni kitu kigumu zaidi, kuhesabu kwa kurudi nyuma. Na kugeuka ndiko kwenye hatari kuliko kwenda mbele, kwa hiyo wakati wa kugeuka anyamaze kila mtu. Hiyo salamu niliyoianza nayo huwa ni mazoezi ya mwisho kabisa, ya mtu aliyekwisha kufika mbali.

Faida haiendi upande mmoja tu. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba mazoezi ya mwili huinua umakini na wepesi wa fikra za waliopatwa na kiharusi, si kwa muujiza, kwa kiasi, lakini kiasi hicho ndicho kinachotenganisha anayekwenda dukani peke yake na asiyekwenda. Mmoja kati ya watatu hivi huingia katika huzuni nzito baada ya kiharusi, na mwenye huzuni haamki kufanya mazoezi, na asiyefanya mazoezi kichwa chake huzidi kuwa kizito. Mkiona mzee amegeukia ukuta, hataki chai, hataki redio, msimwambie tu asubiri. Mpelekeni aonwe, kuna tiba.

Sasa ninyi wenyewe. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi katika wilaya ya Hai na katika sehemu za Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, walipata wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai. Dar es Salaam walikuwa 315.9. Karibu mara tatu. Nasi tunaoishi mjini tunaendelea kula urojo na chipsi na kuongeza chumvi mezani kabla hata ya kuonja, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Presha haina kelele. Unaweza kuwa na 180 kwa 110 na ukacheza mpira jioni.

Lakini linaloniuma zaidi ni vidonge vya waliokwisha kuugua. Mtu anapata kiharusi, anapewa dawa za presha, anapata nafuu, mguu unarudi, na siku moja mtoto wake anasema “Baba umepona, dawa nyingi zinaua figo,” vidonge vinatupwa kabatini. Mwaka 2009 madaktari wa Oxford walizikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba baada ya kiharusi cha kwanza kama mtu 1 kati ya 10 hupoteza akili kwa kiwango cha kutoweza kujiendesha. Baada ya kiharusi kinachojirudia, ni zaidi ya 1 kati ya 3. Mguu mmekwisha kuurudisha kwa jasho la miezi, halafu kichwa mnakiuza kwa paketi ya vidonge. Akiona vinamsumbua arudi kwa daktari abadilishiwe. Asiache kwa amri ya mtoto aliyesoma kitu kwenye simu.

Limebaki la funguo. Baba akianza kutembea bila fimbo, jambo la kwanza analolitaka ni Vespa yake au gari yake, nanyi mnampa kwa furaha kwa sababu mguu unakanyaga breki vizuri. Breki si mguu. Breki ni kumwona mtoto anayetokea kushoto, kuamua, kuacha kumsikiliza abiria, yote katika nusu sekunde, na hayo ndiyo mambo yanayorudi mwisho, mengine hayarudi. Asiendeshe mpaka aliyempima macho, umakini na uamuzi wake aseme haya, endesha. Atawanunia, na pengine atasema mmemfanya mfungwa nyumbani kwake. Mwambieni ni mimi niliyekataza, na namba ya nyumba yangu anaijua. Akija kugomba nitamkaribisha kahawa, ila aje kwa miguu, na mmoja wenu amfuate nyuma kimya kimya.